Mpiga Zumari wa Mskoti

Haya nyie mliojaa kwenye mkeka, mwenye kahawa anywe, mwenye usingizi alale. Mimi usingizi nilioupoteza Riyadh mpaka leo haujanirudia.

Nilikuwa dereva wa nyumbani pale mtaa wa Al-Naseem. Mambo yalipolegea, muziki ukaruhusiwa na wanawake wakaanza kuendesha, sisi madereva tukadhani tutafungishwa virago. Wapi! Madam, mke wa bosi, akachukua usukani, mimi nikageuzwa punda wa kutumwa. Bosi naye, muuza mazulia wa siku zote, kaamka asubuhi moja kafungua kampuni ya sherehe.

Mteja wake wa kwanza Mskoti, injinia mwekundu kama nyanya, anaoa Mskoti mwenzake kwenye bustani ya kampaundi yao. Sasa Waskoti, bibi harusi hatoki ndani mpaka mtu atangulie mbele yake anapuliza zumari la mfuko. Mama yake alitolewa hivyo, bibi yake alitolewa hivyo. Bila zumari, haendi popote.

Mpuliza zumari akapatikana Jeddah, kule Al-Safa. Mpakistani, fundi umeme, zumari alijifunza jeshini kwao. Kupanda ndege hataki, anasema zumari lake halilali na masanduku ya watu.

Bosi akaniita. "Ya sawak, we dereva, mlete huyo mtu kabla ya alasiri ya harusi. Bibi harusi akitembea, likizo yako nasaini hapo hapo."

Jamani, miaka minne sijamtia mke wangu machoni! Niliondoka hata viatu sijafunga kamba.

Kutoka Riyadh mpaka Jeddah ni jangwa ambalo Mungu alilikunja halafu akasahau kulikunjua. Unaendesha, unaendesha, ngamia uliyempita asubuhi unamkuta tena mbele anakucheka. Nilipofika, fundi bado yuko juu ya ngazi anafunga taa. Nikamsubiri mpaka usiku. Alipoingia garini tu, akakumbatia zumari lake kama mtoto mchanga, akakoroma. Alikoroma mpaka vioo vya gari vikawa vinaitikia. Mimi najipiga makofi, najimwagia maji ya baridi kichwani, naimba kaswida zote ninazozijua na zingine nikatunga.

Tukafika. Wageni wameshakaa, wanaume wamevaa sketi, wallahi sketi! Fundi akajaza mfuko pumzi, akabana kwapani. Ukatoka mlio kama wa mlango wa choo unaofunguliwa na mwizi.

"Mafi sauti, hakuna," akasema. Jeddah kuna unyevu, Riyadh hewa kavu kama biskuti. Vile vijiti vya ndani vinavyolia vimekauka.

Kule ndani bibi harusi keshavua viatu. "Siendi," anasema. Na likizo yangu imekaa naye pale pale kitandani.

Nikamkokota fundi mpaka bafu la askari wa getini. Nikafungulia maji ya moto yote, mvuke ukajaa, yeye kachomoa vijiti anavilamba kama pipi, mimi nimeegemea ukuta nasinzia nimesimama. Bosi anagonga mlango utafikiri anadai roho yake. "Yalla! Yalla!"

Mara fundi akapuliza. Jamani, ukuta ulitikisika! Nadhani hata ngamia wangu wa njiani alisimama kusikiliza. Akatoka anatembea taratibu, kifua mbele, na nyuma yake bibi harusi kwa mkono wa baba yake, analia mpaka wanja umefika shingoni. Wageni wakasimama. Mskoti mwekundu naye akalia. Mimi nikalia pia, lakini mimi ni macho tu, yalikuwa yanauma.

Baada ya nikahi yao nikamfuata bosi na karatasi ya likizo na kalamu mkononi. Anacheka peke yake.

"Ya sawak, umeona? Watu watatu hapa wananiambia na wao wana harusi, wanamtaka mpiga zumari! Likizo baadaye. Sasa hivi mrudishe fundi Jeddah, kesho ana kazi, halafu wiki ijayo ukamlete tena."

Nikachukua ufunguo, nikaenda moja kwa moja, nikajaribu kufungua mlango wa gari la polisi lililoegeshwa getini, nadhani ndilo letu.

Fundi aliyaona yale. Akatupa zumari lake kwenye majani, akamshika bosi mkono kwa nguvu.

"Bosi, msainie huyu aende kwao! Akiniendesha tena na macho hayo, harusi zako zote zijazo utapigiwa zumari na marehemu!"