Siku Tisa Bila Bima

Miaka ile ya hamsini mume wangu alikuwa fundi wa reli pale Nakuru, na kati ya majirani zetu wote, ni sisi tu tuliokuwa na gari. Lilikuwa pikapu kuukuu, na Jumamosi aliwabebea watu mahindi kutoka Rongai. Bima yake ilikwisha wiki ambayo mtoto wetu alilazwa hospitali, homa ya mapafu imemshika. Katika mahangaiko yale hakuna aliyekumbuka kuilipia tena.

Siku ya tisa, karibu na Rongai, ng'ombe alikatiza barabara. Mume wangu akamkwepa, akamgonga mtu aliyekuwa akitembea kando na jembe begani. Mguu wa yule mtu ukavunjika mara mbili. Mume wangu alimpakia, akamkimbiza hospitali, halafu akaenda polisi mwenyewe.

Jioni dereva mmoja rafiki yake alikuja kumshauri. "Waambie karatasi ya bima imepotea. Wakiitafuta, mambo yatapoa."

"Mguu wa yule mtu haujapotea," mume wangu akajibu. "Nitasema bima haikuwepo."

Na kortini alisema hivyo hivyo. Akanyang'anywa leseni, na pikapu ikauzwa ili faini na hospitali zilipwe. Mimi nilidhani yameishia hapo. Lakini yeye alirudi wodini, akaketi kando ya kitanda.

"Ningekuwa na bima, ungelipwa," akamwambia yule mtu. "Sasa niambie una shida gani."

Yule mtu alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu, na alikuwa amepewa kipande cha kulima chakula cha nyumbani kwake. Akasema, "Mvua inakuja, na shamba langu halijapandwa."

Basi kila Jumamosi, kazi ikiisha adhuhuri, mume wangu alipanda treni kwenda Rongai, akarudi Jumapili jioni na malengelenge mikononi. Nilinung'unika. Nyumbani kwetu pia kulikuwa na kazi, na sisi hatukuwa na gari tena. Yeye alinisikiliza, na Jumamosi ikifika akaenda.

Mwezi wa nane nilifuatana naye, mtoto mgongoni. Alitangulia shambani, nami nikamkuta mwenye shamba, yule aliyevunjika mguu, ameketi mlangoni pake, mkongojo magotini.

"Mama, bwana wako alipoanza kupalilia hapa, alikuwa anang'oa maharagwe anaacha magugu," akaniambia. "Mke wangu alicheka mpaka akalia. Sasa tazama."

Nikatazama. Mahindi yalikuwa yamemzidi mtu kimo, kijani kizito mpaka mwisho wa kile kipande, na yote yalikuwa yamepita mikononi mwa mtu niliyekuwa nikimfulia ovaroli za karakana. Miaka sita nilikuwa nimelala kando yake nikidhani namjua.

Akatokea katikati ya mahindi, shati limelowa, akamsalimu mwenye shamba kwanza. Kisha akaniomba maji. Nilimpa kwa mikono miwili, kama nilivyozoea kumpa baba yangu.