Siku Baba Alipoongea Tusimsikie

Mimi ni mtu wa kujisifu, na kwa miaka hii ya karibuni majisifu yangu mengi yamekuwa juu ya kompyuta. Ni kompyuta ya mezani, boksi jeusi linalokaa chini ya meza ya sebuleni kwetu Manzese, na ndani yake nimeweka Linux, mfumo usiosumbuliwa sana na virusi. Wapangaji wenzangu wote wanalijua hilo, hata wale wasiojua Linux ni kitu gani, maana nimewaambia bila kuulizwa. Mpangaji akilalamika kwamba mashine yake imeingia virusi, nilikuwa nasimama mlangoni kwake na kikombe cha chai mkononi nikimpa pole ya mtu aliyeshiba. Mke wangu alishaniambia kwamba ipo siku kitu hicho kitanivua nguo mbele za watu. Nilimcheka.

Baba yetu ni mwalimu mstaafu, anaishi nyumbani Songea. Mdogo wangu wa kike alipata mimba akiwa chuo cha ualimu, akajifungua huku Dar, na alipokwenda nyumbani na mtoto mgongoni ili babu yake amwone, baba alisimama mlangoni, akamwambia basi la kurudi linaondoka alfajiri. Hakumkaribisha ndani. Binti akalala kwa jirani. Mimi ndiye niliyempokea stendi ya Mbezi Luis, na njia nzima alikuwa akimfunika mtoto khanga tu ingawa joto lilikuwa kali. Tangu hapo baba na binti hawakuongea tena. Mtoto akaota meno, akatembea, akafika umri wa kuuliza maswali, wao kimya. Baba akinipigia simu aliuliza habari za kila mtu, hata za mwenye nyumba wangu, ila si za huyo.

Halafu siku moja akasema mwenyewe, "Mwambie aje kwako Jumapili. Nataka kuongea naye, na nimwone."

Niliona ni ushindi wangu, ingawa hadi leo sijui nilikuwa nimefanya nini. Nikapanga mambo kama mwenyekiti wa harusi. Mdogo wangu alipofika na mtoto kutoka Pugu anakoishi, nilimkalisha nikamfundisha: utapiga magoti mbele ya kioo cha kompyuta, utainamisha uso, utaomba msamaha, kisha utanyamaza, baba ndiye wa kusema.

"Na yeye je, kaka?" akauliza.

"Yeye nini?"

Akasema basi, si kitu. Mimi nikaendelea na waya zangu.

Mke wangu alishauri tutumie simu yake tu, ipigwe, iwekwe mezani, kwisha. Nilikataa. Nilitaka baba aonekane mkubwa kwenye kioo cha kompyuta, na sauti yake itoke kwenye sabufa, ile tunayoitumia sikukuu. Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, nilijaribu kila kitu. Nilipiga wimbo wa kwaya, mapazia yakatikisika, nikaridhika. Tulipotoka kanisani muda ulikuwa bado, na mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma yangu anatafuta kitu cha kuangalia ili asiwaze. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaiambia mashine ijisasishe, maandishi yakaanza kuteremka mbio kwenye kioo. Haikuhitajika. Nilitaka tu aone kaka yake anaongea na kompyuta nayo inamtii. Ilipomaliza nikaizima, nikaiwasha, na sikujaribu sauti tena.

Baba akapiga. Akatokea kwenye kioo amevaa koti, amekaa wima. Tukamwamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo, baba." Akaitikia kwa kichwa, midomo ikacheza, na kwenye sabufa hakukutoka kitu. Nikadhani ni mtandao. Lakini picha yake ilikuwa haikwami hata kidogo, na ilionekana wazi kwamba yeye anatusikia sisi.

Sasa inabidi nieleze tulivyolelewa. Baba akikalisha watu ili aongee, haingiliwi. Hata kikohozi unakimeza. Akitua, mkubwa kati yetu anaitikia "Naam, baba," kwa niaba ya wote, na akimaliza kabisa anauliza kama darasani, "Nimesema nini?" Mkubwa huyo anarudia, ili ijulikane yameingia. Mkubwa ni mimi. Nimekuwa nikiitikia naam, baba tangu nikiwa na kaptula, na kwa kweli ndiyo kazi pekee niliyopewa katika ukoo ambayo sikuwahi kuikosea.

Mdogo wangu alipiga magoti, akainamisha uso kama nilivyomwelekeza, akasema, "Baba, naomba unisamehe." Baba alilisikia hilo. Kisha akaanza kuongea, na sebule ikawa kimya kabisa.

Sentensi moja ingetosha: samahani baba, hatukusikii. Mtoto mdogo angeisema. Baadaye nilimwambia mke wangu kwamba niliogopa baba angekasirika akakata simu na nafasi ile ingepotea, na ni kweli niliogopa hivyo kidogo. Ila nilichoogopa zaidi ni mdogo wangu, mke wangu na wapangaji wote kujua kwamba mashine yangu imenishinda. Niliona aibu, basi. Mdogo wangu akageuza uso kidogo, akaniangalia kwa chini. Nikampungia kiganja: subiri. Na nilipoona kwa pembeni midomo ya baba imetulia, nikasema, "Naam, baba."

Nikaanza kutafuta. Alama ya spika pembeni mwa kioo ilionyesha sauti imejaa. Nikaisukuma ipite hata pale pa kujaa. Nikachomoa waya wa sabufa, nikauchomeka. Nikazungusha kitufe cha sabufa mpaka kikagoma. Kimya. "Naam, baba." Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta sauti inapelekwa kwenye kioo, na kioo chenyewe hakina spika, nikafurahi, nikairudisha kwenye tundu la sabufa. Kimya vilevile. Mke wangu akaisogeza simu yake taratibu juu ya meza hadi ikagusa mkono wangu. Nikairudisha kwake bila kumtazama. "Naam, baba." Nikafungua tena lile dirisha jeusi, nikaita programu inayoonyesha kila njia ya sauti kwa mhimili wake. Mihimili ilikuwa imesimama hadi juu yote. Lakini chini ya mmoja, pale ambapo wenzake walikuwa na sifuri mbili, kulikuwa na herufi M mbili, maana yake umefungwa mdomo. Lile sasisho langu la kujionyesha ndilo lililoufunga. Nikabonyeza M, sabufa ikalia tik.

"Nimesema nini?"

Ilitoka kama mahubiri ya uwanjani. Vikombe vililia kabatini. Nilikuwa nimepandisha kila kilichoweza kupanda, na sasa vyote vilifunguka kwa pamoja juu ya maneno hayo mawili ya mwisho ya baba. Alikuwa amemaliza, na ananingoja mimi.

Sikufikiri. Nilijibu kile nilichokuwa nimekipanga kichwani tangu mwanzo, kwa sababu sikuwahi kuwaza kwamba kuna kingine kinachoweza kusemwa siku ile. "Umesema umemsamehe, baba."

Sabufa ilikuwa ikinguruma yenyewe.

"Sikusema hivyo."

Mdogo wangu aliweka kiganja sakafuni, kama anayetaka kuanguka.

"Sikusema hivyo hata kidogo," baba akarudia. "Ulikuwa unaitikia nini?"

Mwili mzima ulinichoma, masikio mpaka nyayo.

"Hamkuwa mnanisikia."

"Hapana, baba."

"Tangu wapi?"

"Tangu mwanzo, baba."

Akageuza uso pembeni. Nilijua sasa anakata, na nilijua nastahili. Badala yake akaisogelea simu yake hadi uso wake ukajaa kioo chote, kama wazee wanavyofanya wakidhani ukisogea karibu ndiyo unasikika, na mimi kwa kupumbazika nikasahau kwamba sabufa bado imefunguliwa mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "nilikufukuza una mtoto mgongoni. Nilikosa mimi. Nilikuwa naomba wewe unisamehe."

Nyumba nzima ilisikia. Nyumba yetu ni ya korido moja, vyumba huku na huku, na wanawake wapikao uani wako hatua chache tu kutoka dirisha letu. Nilisikia mwiko ukiacha kugonga sufuria. Singeli iliyokuwa ikipigwa chumba cha mbele ikazimwa. Mtu aliyejiandaa kusema jambo zito kwa binti yake peke yake, alikuwa amelisema kwa mtaa mzima, na aliyemfanyia hivyo ni mwanawe mkubwa.

"Mara ya kwanza nililisema vizuri zaidi," baba akaongeza. "Nilikuwa nimejiandaa."

Mdogo wangu aliinua uso. "Nimekusikia, baba," alisema. "Yameisha, baba." Akamwita mtoto aliyekuwa anacheza uani, akampakata mbele ya kioo, na baba akamuuliza jina lake, ingawa nina hakika alilijua. Mtoto akauliza kwa nini babu anapiga kelele. Ndipo nilipokumbuka kupunguza.

Simu ilipokwisha nilitoka kwenda bombani, si kwamba nilihitaji maji. Jirani aliyekuwa anamenya viazi aliniambia, "Shem, mzee wenu kaongea. Wanaume wachache wanawezaga." Wenzake wakaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, bila kunicheka. Afadhali wangenicheka. Niliwaambia asanteni na nikarudi ndani na ndoo tupu.

Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale sakafuni, mtoto mapajani.

"Kaka," akaniuliza, "yale ya mwanzo, hiyo mashine haijayaweka mahali?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba sauti iliyofungwa haitunzwi, inapita tu, na nikaanza kumweleza inavyopita, njia na mihimili, mpaka nikajisikia mwenyewe ninavyoongea nikaacha.

"Alisema mengi?"

"Mengi."

"Alikuwaje alivyokuwa anasema? Mie nilikuwa nimeinama."

Nilifungua mdomo. Nikatambua kwamba sikuwa nimemwangalia baba. Muda wote ule nilikuwa nikitazama waya, mipangilio na mihimili, na kumwibia jicho la pembeni nijue tu pa kuweka naam. "Sikumtazama," nikamwambia. "Nilikuwa nahangaika na sauti."

Mke wangu alikuwa mlangoni, simu yake bado mkononi. "Alikuwa analia," alisema. "Tangu anaanza. Mara akawa ananyoosha mkono hivi, kama anaonyesha mlango. Mara akawa anajipiga hapa." Akajigusa kifuani.

Mdogo wangu akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka. "Njoo ukae, wifi," alisema. "Niambie vyote ulivyoviona, tangu alipoanza."

Mke wangu akakaa, akaanza kumwonyesha kwa mikono, polepole. Hakuna aliyeniuliza kitu tena. Nikainama chini ya meza, nikachomoa waya wa sabufa, nikabaki huko nikiukunja.