Waridi la Plastiki na Balbu ya Vifaranga

Baba yangu hakuwahi kununua kitu kisichofanya kazi. Jembe, beseni, mpira wa maji, basi. Kwa hiyo siku aliyoshuka mjini Same kuuza tangawizi akarudi na taa ya mezani ya plastiki, yenye umbo la waridi, Mama alinivuta pembeni akaniuliza kama mzee ana homa. Kisha akaipangusa kwa upindo wa kanga, na haikuwa na vumbi hata chembe.

Taa ilikuja bila balbu. Baba akaenda kwenye boksi la vifaranga akachomoa ile yao, ya njano, wati mia. Huku kwetu Mamba, juu milimani, mwezi wa saba ni baridi, na balbu tunaipima kwa kiganja: ikikuchoma, hiyo ni nzuri.

"Itakupasha na vidole," akamwambia Mama, ambaye vidole vyake, kwa kuosha tangawizi, huwa vigumu kila baridi ikiingia.

Akaiwasha, na hata chai ya jioni hatukuimaliza. Ilianza harufu ya plastiki kuungua, kisha petali moja ikalala kama sikio la mbuzi. Mama akazima, akaikumbatia taa ingali ya moto. Baba akatoka nje akajifanya anakagua magunia. Niliumia kumwona. Zawadi yake ya kwanza isiyo kitenge, na ameiunguza mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda nimeipakata hadi Same, nikiomba Mungu iwe bado inafaa. Mama wa duka la vifaa vya umeme aliitikia "marahaba" huku ameshaigeuza taa kichwa chini. Ndani, karibu na holda ya balbu, kulikuwa na karatasi ndogo: isizidi wati ishirini na tano. Nyumba nzima ya watu waliosoma, na hakuna aliyeiona!

"Na hiyo ni kwa balbu za moto," akasema. "Plastiki ipe balbu ya LED, haichomi, wati tano inatosha. Hakikisha haigusi petali."

Akaifunga, akaiwasha, tukapiga soga taa ikiwaka hadi akahudumia wateja watatu. Nikagusa petali. Hazikuwa na joto lolote. Nilicheka peke yangu barabarani.

Nyumbani, vifaranga walikuwa wamesharudishiwa balbu yao. Baba akaweka kiganja juu ya waridi linalowaka.

"Hii imekufa."

"Si inawaka, Baba?"

"Baridi hivi?"

Hakuondoa mkono. Tulikunywa chai, tukaongeza ya pili, mkono uko palepale, na Mama akacheka hadi kilemba kikamdondoka. Nami nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Nikasema nitachemsha maji niinyooshe ile petali iliyolala. Mama akanipiga kofi dogo mkononi. Akaigeuza taa ili petali hiyo itazame mlangoni, wageni waione kwanza.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Hapo ndipo baba yako alipotaka nipate joto."