Jicho la Kushoto la Bertila

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi, Bertila akiwa juu ya kirikuu yake, kigari chake cha mizigo, pale Mazwi mjini Sumbawanga, akimshushia mteja magunia ya viazi. Aliusoma, akausoma tena, akaruka chini kama msichana wa shule.

"Nimepata!" alipiga kelele. "Chuo cha Mbeya wamenichukua! Naenda kusomea malori!"

Mama mwenye viazi alimtazama, mikono kiunoni. "Hongera sana. Sasa hilo gunia unanishushia, au nalo linaenda chuo?"

Watu walicheka, na Bertila akacheka kuwazidi wote. Gunia lenyewe alilishusha huku anaimba.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mpui, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, mke wa Edwin, seremala wa hapo Mazwi, na mama wa Faith. Mapenzi ya malori yalimwingia mapema. Shamba la wazazi wake lilipakana na barabara ya Tunduma, na wenzake walipokuwa wakipalilia vichwa chini, yeye alikuwa akisikiliza. Kwa mlio tu aliweza kusema lori linalopanda kilima limebeba au ni tupu, na kama dereva wake anajua kubadilisha gia au anabahatisha. Mama yake, Cornelia, alikuwa akimwambia aache kusikiliza vyuma, ashike jembe. Jembe alilishika, lakini masikio aliyaacha barabarani.

Alipoolewa mjini alijifunza gari dogo, akapata leseni daraja D, akanunua kirikuu. Kwa miaka minne alikuwa akibeba mizigo ya watu kati ya Mpui na Sumbawanga. Sasa alitaka daraja E. Alitaka magari yenye tela, yale yanayopanda kutoka Tunduma asubuhi yenye ukungu, yakipumua kama ng'ombe.

Chuo kilimtumia fomu ya kurasa nne. Tatu alizijaza siku hiyo hiyo, amekaa kwenye rundo la mbao karakanani kwa mume wake. Ya nne ilihusu afya: presha, sukari, masikio, macho. Ulitakiwa mhuri wa hospitali, na fomu yote iwe imefika chuoni kabla ya saa kumi jioni ya tarehe kumi Julai. Masomo yangeanza tarehe kumi na nne.

Kwenye neno "macho" furaha yake ilipungua kidogo, maana Bertila alikuwa na siri.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, wakipura maharage nyumbani, kibanzi cha fimbo kiliruka kikampiga jicho la kushoto. Lilivimba, likapona, akasahau. Lakini miaka ya karibuni ukungu ulikuwa umeingia kwenye jicho lile, kwanza kidogo, kisha ukazidi, hadi likawa kama kioo cha gari asubuhi ya baridi kabla hujakifuta. Huu haukufutika. Hakumwambia mtu. La kulia lilikuwa linaona vizuri mno, akajiambia linatosha.

Mwezi Machi, karibu na njia panda ya Mpui, alisikia mkono ukigonga bodi ya gari upande wa kushoto. Alikanyaga breki. Mzee mmoja mwenye baiskeli alikuwa amesukumwa hadi kwenye majani, gunia la mkaa limelala pembeni yake. "Mama, hunioni?" mzee aliuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli. Bertila alimsaidia kufunga mzigo, akasingizia jua. Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Katikati ya Mei alikwenda hospitali kupimwa. Presha ilikuwa nzuri, sukari nzuri, masikio usiseme. Akapelekwa kwenye foleni ya macho. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na chati ya herufi inaonekana ukutani. Alikaa pale saa nzima, na kwa jicho la kulia akaikariri yote hadi mstari wa chini kabisa. Kichwa chake kilikuwa cha namna hiyo; namba za simu za wateja sitini alikuwa nazo bila kuziandika.

Mtaalamu wa macho aliitwa Victoria, mwanamke mfupi aliyevaa sweta la kijani juu ya koti jeupe. Alimziba Bertila jicho la kushoto, akamsomesha. Vizuri. Akamziba la kulia.

Bertila alitiririsha herufi zote bila kumeza mate.

"Safi," alisema Victoria. "Sasa nisomee mstari wa nne kutoka mwisho kuja mwanzo."

Bertila akausoma kinyumenyume, nao bila kosa.

Victoria aliinua mkono. "Hapa nimenyoosha vidole vingapi?"

Bertila aliona weupe, na ndani ya weupe kivuli kinachotikisika. "Vitatu," alijaribu.

"Sijanyoosha kidole, mama. Nimeshika kalamu."

Kisha Victoria akaanza kucheka, mwanzo kwa kujizuia, halafu akashindwa. Bertila naye, aibu imemjaa usoni, alijikuta anacheka.

"Kichwa unacho," Victoria alisema akijifuta machozi. "Nina miaka kumi na moja hapa, sijaona mtu akanisomea ukuta kinyumenyume kwa jicho lisiloona. Lakini niambie ukweli. Unaendesha gari?"

Bertila alimwambia yote, hadi mzee na mkaa wake. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti, na alishangaa kuona yanavyotoka kwa urahisi.

Victoria hakucheka tena. Alizima taa, akamwangalia jicho kwa mashine muda mrefu. "Ni mtoto wa jicho," alisema mwishowe. "Ameletwa na ile ajali ya zamani. Nyuma yake jicho linaonekana zima. Daktari wa upasuaji yupo tarehe ishirini na saba. Anatoa kile kilichochafuka, anaweka lenzi. Baada ya hapo wiki sita bila kuendesha, bila kubeba mzigo, bila moshi. Ndipo tupime."

Bertila alihesabu kwa vidole. "Nikifanyiwa tarehe ishirini na saba Mei, wiki sita zinaisha tarehe nane Julai. Fomu yangu mwisho tarehe kumi."

"Basi una siku mbili za ziada," alisema Victoria. "Sikuahidi jicho litafaulu. Nakuahidi nitalipima siku hiyo."

Bertila alitoka pale miguu ikitaka kukimbia. Alikuwa amekuja kuiba mhuri, sasa anaondoka na tarehe ya upasuaji, na ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Gari aliliacha hospitalini, akamwita shemeji yake Meshack aje alichukue na ashike usukani mpaka atakapopona.

Edwin alikuwa akipiga randa mlango aliposimuliwa. Aliweka randa chini. "Kumbe ndiyo maana kila siku chai unanimiminia nje ya kikombe! Miaka yote hii najua ni haraka zako." Kisha akamshika bega. "Mama Faith, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema niache gari."

"Ningesema hivyo kweli," Edwin alikiri. "Sasa nasema nenda kafanyiwe."

Kazi ilikuwa kwa mama yake. Bi Cornelia alifika kutoka Mpui na ndoo ya unga wa ulezi na maneno mengi, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kifipa. Alimjua mtu aliyepasuliwa jicho akaingia gizani moja kwa moja. "Mungu amekuachia moja," alisema. "Lori litakupa nini zaidi ya hicho kigari?"

"Mama, sikilizeni kwanza," alisema Bertila, kwa wingi wa heshima kama ilivyo kwao, akamweleza habari ya mzee wa baiskeli.

Bi Cornelia alikunja khanga yake mapajani, akaikunjua. "Yule ni mzee Dominiko wa jumuiya yetu," alisema polepole. "Alinisimulia mwenyewe baada ya sala. Alisema dereva mmoja wa kike alimsaidia kufunga mkaa huku mikono inamtetemeka, na tumwombee. Tukamwombea. Kumbe tulikuwa tunakuombea wewe."

Hakuleta tena habari ya kuacha. Tarehe ishirini na sita alihamia Mazwi na blanketi lake. Kesho yake alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, rozari mkononi, akimuuliza kila muuguzi aliyepita kama mwanawe ameshatoka.

Upasuaji wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko kupakia kirikuu. Walimchoma sindano ya ganzi, wakamfunika uso, akabaki anasikia vyuma vidogo vikigusana na daktari akiongea habari za mvua. Alikuwa na hofu, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinachorukaruka, kama mtoto anayesubiri kupakiwa garini.

Asubuhi iliyofuata Victoria alifungua bandeji. Mwanga uliingia wote kwa pamoja. Bertila alipepesa, jicho likatoa machozi, kisha vitu vikaanza kukaa mahali pake: dirisha, nyufa za ukuta, kifungo cha sweta kilichoshonwa kwa uzi usiofanana. Upande wa kushoto, mahali palipokuwa ukungu kwa miaka, alikuwa amekaa mama yake, mdomo wazi, akisubiri.

"Mama, mmevaa khanga kichwani juu chini," alisema Bertila.

Bi Cornelia alipiga vigelegele wodi nzima ikageuka.

Wiki sita za kungoja zilikuwa ndefu. Baridi ya Juni ilishuka juu ya Ufipa, upepo ukapita uwandani bila kuzuiwa na kitu. Bertila alivaa miwani myeusi na makoti mawili, akadondoshewa dawa mara nne kwa siku. Jikoni hakuruhusiwa kwa ajili ya moshi. Edwin alisonga ugali wenye madonge, na familia ikaula bila malalamiko.

Wiki ya tatu lori refu liliegeshwa ng'ambo ya karakana. Dereva wake, Masalu, Msukuma wa makamo mwenye sauti nzito, alikuwa akisubiri kifaa cha injini kutoka Mbeya. Siku ya kwanza Bertila alilitazama kwa mbali. Siku ya pili alivuka barabara.

"Shikamoo, kaka. Naomba nikae ndani. Sitagusa kitu."

"Marahaba. Ukikaa bila kugusa utajifunza nini?" alisema Masalu, akamfungulia mlango.

Kwa siku saba lile lori bovu likawa darasa lake. Masalu alimweleza gia, kioo gani kinaonyesha nini, na kwa nini dereva asiondoke kabla upepo wa breki haujajaa. Alimchorea mavumbini jinsi kichwa kinavyokata kona na tela linavyofuata kwa ndani. "Wengi wanaangalia mbele," alisema. "Kazi iko pembeni. Pembeni ndiko walipo watu." Bertila aliangalia kioo cha kushoto. Aliona barabara yote hadi mwisho, kuku, mwanamke na beseni, pikipiki inayokuja. Akajifuta chini ya miwani yake myeusi.

"Unalia?" aliuliza Masalu.

"Ni dawa ya macho," alisema. Halafu akasahihisha. "Hapana. Nalia."

Tarehe nane Julai alifika hospitali kabla milango haijafunguliwa. Victoria alikuwa amebadilisha chati, akamwonyesha makusudi huku anatabasamu. Jicho la kushoto lilisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne lilisita. Wa tano, uliotakiwa kwenye fomu, likakataa.

"Usinune," alisema Victoria mara moja. "Lenzi imekaa vizuri. Hii ni kazi ya miwani." Alimvisha fremu nzito ya kupimia, akabadilisha vioo kimoja kimoja. Herufi za mstari wa tano zilinyooka kama watu walioitwa majina. Bertila alizisoma, akaendelea na wa sita bila kuulizwa.

Lakini fomu isingepigwa mhuri hadi miwani yenyewe iwe usoni, na fundi wa miwani alihitaji siku mbili. Tarehe kumi Bertila alikuwa amekaa mlangoni kwa fundi tangu asubuhi. Saa nane miwani ikatoka. Saa nane na nusu akapimwa tena. Victoria aliandika "amefaulu kwa miwani", akagonga mhuri kwa nguvu hadi kalamu zikaruka mezani. Bertila aliipiga fomu picha palepale, akaituma, kwa haraka hivi kwamba picha ya kwanza ilikuwa ya viatu vyake.

Saa tisa na dakika kumi jibu lilikuja: "Tumepokea. Ripoti tarehe 14, njoo na makoti."

Alimkumbatia Victoria hadi sweta likapinda.

Siku nne baadaye alikuwa Mbeya, amesimama kwenye uwanja wa chuo pamoja na wanafunzi ishirini na wawili, wanawake watatu tu. Asubuhi ilikuwa ya baridi, malori matano yamepangwa, injini zinapashwa moto. Mkufunzi alishika orodha, akauliza nani ataanza kuzunguka gari na kulikagua mbele ya wenzake. Wanaume walitazamana. Bertila alisukuma miwani yake juu ya pua, mkono ukiwa tayari hewani.

"Jina?"

"Bertila, kutoka Sumbawanga."

"Haya, dereva Bertila. Anza."

Lilikuwa jina jipya, dereva Bertila, na alilipenda pale pale. Akaanza upande wa kushoto.