Grinkadi Niliyowapa Maharusi

Jameni, aibu hii nimeinyamazia miaka, lakini leo acha niitoe mwenyewe kabla dada yangu Rose hajawaambia, maana yeye huongezanga chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa Amerika na mke wangu Respah, nesi, tayari raia wa huko, na ndiye aliyeniombea grinkadi, kile kibali cha kuishi huko moja kwa moja. Maombi yalikuwa bado yanashughulikiwa Rose alipotangaza harusi yake nyumbani Shinyalu. Wakili akatuonya kwamba nikitoka nchini bila barua ya ruhusa ya kusafiri, ni kama nimeyatupa maombi yote, na kurudi nisahau. Tukangoja barua, ikaja, ina picha yangu na mhuri. Respah akaniambia, "Baba Tito, hii karatasi isitoke kwa sanduku." Nikaapa, nikasafiri peke yangu.

Sasa asubuhi ya harusi (majivuno ni ugonjwa, msicheke) nikaitoa sandukuni nikaitia mfuko wa koti, kwa sababu tangu nifike watu walikuwa wananiita mtu wa grinkadi na sikuwa nimemsahihisha hata mmoja. Tumekaa chini ya turubai, tumeshiba obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, baba mdogo akaninong'oneza, "Kijana, si utuonyeshe hiyo kitu?" Ningesema tu kwamba bado sijapata. Badala yake nikamkabidhi bahasha, kifua mbele. Akaitazama picha na mhuri, akaridhika, akampa jirani yake, huyo akampa mwingine, mimi nikaitwa kupigwa picha, na huku nyuma shangazi yangu akaiona mezani, akadhani ni zawadi niliyosahau kupeleka, akaitia kwenye kikapu cha maharusi (alikuwa ananisaidia, Mungu ambariki).

Sijaketi hata, nasikia MC kwenye kipaza sauti: "Ndugu ya bibi harusi, kutoka Amerika, amewapa maharusi grinkadi!"

Vigelegele! Bwana harusi, Ambani, akaruka juu kama aliyefunga bao. Mama yake akaichukua bahasha, akaifutika kifuani, akaanza kucheza. Na ndege yangu ilikuwa kesho yake, mahojiano yetu na maafisa wa uhamiaji juma lililofuata. Nikamkimbilia yule mama, naye akanikumbatia. "Asante, mwanangu, Mungu akurinde!" Sasa mtu anaingizaje mkono kifuani mwa mkwe wa dada yake mbele ya kijiji kizima?

Nikamnyang'anya MC kipaza sauti. "Jamani, nisameheni. Hiyo si grinkadi. Hata mimi sina. Mke wangu ameniombea na bado tunangoja. Hiyo ni ruhusa ya kuja hapa na kurudi, na bila hiyo sitamfikia mke wangu."

Spika zilifikisha maneno hayo hadi mashamba ya chai ng'ambo ya bonde. Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe hata yeye anabishanga tu hodi!" Watu wakaangua kicheko, Rose akacheka mpaka shela ikamdondoka, nami nikatamani ardhi inimeze na koti langu.

Mama Ambani akaja mbele, akaitoa bahasha ikiwa bado na joto, akanipa kwa mikono miwili. "Chukua, mwanangu. Sisi turikuja kuchukua Rose, na Rose tuko naye. Enda kwa bibi yako."

Hapo ndipo shangwe zilipoanza kweli! Ambani na ndugu zake wakanibeba mabegani, wakanizungusha turubai nzima, na sijawahi kushangiliwa hivyo kwa kukosa kitu.

Kule Amerika afisa wa uwanja wa ndege aliitazama barua ilivyokunjamana, akanitazama mimi, akagonga mhuri. Respah alikuwa nje ananingoja, na nilimweleza yote kabla hatujafika kwenye gari. Juma lililofuata tuliingia kwenye mahojiano tumeshikana mikono, tukatoka maombi yamekubaliwa, mke wangu analia na kucheka pamoja, mimi napiga mluzi barabarani kama chokoraa.

Tangu siku hiyo, kama jambo langu bado linangoja, nasema linangoja, hata mbele ya wakwe.