Gunia la Ulezi na Baba Zena

Kitabu cha Mwalimu kilinuka mafuta ya taa. Kilikuwa kimesafiri kutoka Sumbawanga mjini kwa lori, kimebanwa katikati ya madumu, kwa hiyo kila alipokifungua darasa zima la tano tulipiga chafya, mimi nikiongeza za uongo mpaka nitishiwe fimbo. Ilikuwa riwaya ya Kizungu, naye akitutafsiria papo hapo huku mvua ikipiga bati kama inagombana nasi. Mtu mweusi, katika nchi ya mbali, anasingiziwa kosa. Ushahidi wote unamtetea, lakini wazee wa baraza, weupe watupu, wanamtia hatiani. Aliposoma hapo hata mimi mzaha ulinikauka. "Mwalimu, badilisha!" tukapiga kelele. Zena, niliyekaa naye dawati moja, alilia mpaka akajifuta kamasi kwa sketi.

Wiki hiyohiyo gunia la ulezi likakosekana kwenye ghala la kijiji chetu cha ujamaa. Baba yake Zena alikuwa fundi baiskeli, na kazi yake aliifanyia kwenye kibaraza cha ghala hilo. Mama yake fundi alikuwa Mfipa, baba yake Mwarabu aliyekuja na biashara za bandari ya Kasanga. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na Kifipa chake kilikipita cha Mwenyekiti wa kijiji. Watu walimpenda, hasa tairi zikipasuka. Asubuhi ile wakakumbuka ghafla kwamba ni Mwarabu. "Hao ni wanyonyaji tangu babu zao!" "Keshaliuza Zambia!" Kufika mchana mkutano ukaitwa darasani kwetu, maana nje hapakaliki, na jambo lilikuwa moja tu: fundi na familia yake wahame kijiji.

"Ndugu, siku ya gulio, ghala lilipofunguliwa mara ya mwisho, ulikuwa wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kibarazani, nikiziba tairi lako, Mwenyekiti."

Nilicheka peke yangu, mama akanifinya. Zena alikuwa amesimama ukutani, ameshika shati la baba yake. Hakuna aliyeuliza nani ana ufunguo wa ghala. Walikuwa tayari wananyoosha mikono kupiga kura Bibi yangu alipoingia, ameloa chapachapa, kiganjani ana ulezi uliochipua. Hakuwa na habari ya mkutano wowote. Alikuwa kijitoni akikilinda kimea chake kisiliwe na mbuzi.

"Mwenyekiti, mwanangu, ulezi wako umeota vizuri. Nikauanike kwa nani?"

Kumbe Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyempa lile gunia aloweke kupata kimea cha pombe ya siku ya kulima shamba la pamoja, maana kwetu watu hawainui majembe kwa hotuba peke yake. Akasahau. Alikohoa, akatazama bati, akasema, "Basi, ndugu, yamekwisha." Bibi pekee ndiye aliyemshika fundi mkono, mkono wenye grisi, akamwambia, "Pole, mwanangu," na hakuuachia mpaka walipofika mlangoni. Fundi akaenda kumalizia tairi.

Jioni Zena aliniuliza, "Na kama gunia lisingeonekana?"

Sasa niko kidato cha pili, shule ya bweni, ambako sabuni ni adimu kuliko nyama. Mwezi uliopita kipande cha sabuni cha kiranja kilitoweka, na macho yote yakamwendea Kalonda, ambaye babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo. "Fungua sanduku!" wakamwambia. Nikasema, "Afungue, lakini tuanze na la kiranja, halafu langu, tena langu mzibe pua." Wakacheka, tukafungua yote. Sabuni haijaonekana mpaka leo. Kalonda bado analala kitanda cha juu yangu, anakoroma kama trekta la kijiji, na hakuna aliyemhamisha.