Ndago katika Damu ya Kaka Yohana

Sikuondoka Bahi kwa kupenda. Mpunga ulikuwa umeiva, ndege waharibifu wameshaingia, na kaka yangu Yohana ndiye mwenye kuwafukuza. Lakini Jumatatu asubuhi nilimkuta mlangoni anatetemeka juani, macho ya manjano kama bizari, mkono umeshika chini ya mbavu za kulia. Nikampa vidonge viwili vya rangi mbili, kama nilivyompa kila alipougua. Mimi ndiye daktari wa ukoo bila kusomea. Safari hii havikufua dafu.

Saa nne tulikuwa njiani. Tulipanda bodaboda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, hadi barabara kuu, kisha basi la Dodoma. Humo ndani kaka alianza kuongea na marehemu baba yetu. Hapo niliogopa kweli.

Mchana, hospitalini, daktari, mama mfupi mpole, alinieleza kwamba jiwe limeziba mrija wa nyongo, na wadudu wamemwagika kwenye damu. Wakapitisha mpira mwembamba kinywani mwake hadi kwenye mrija, jiwe likatoka bila tumbo kupasuliwa. Damu yake wakaipeleka maabara kuotesha wadudu. Daktari aliponiambia hivyo, nilidhani ananitania.

Siku ya tatu homa ilikuwa bado inapanda. Daktari aliniita kwenye dirisha la maabara, na nyuma ya kioo mtaalamu akainua kisahani chenye kifuniko. Wadudu walikuwa wameota kote, wamesongamana kama miche kitaluni. Katikati yao mlikuwa na vipande vya karatasi vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake.

"Kipande hiki kina dawa ile ya rangi mbili uliyosema ulimpa," daktari alisema. Wadudu walikuwa wameota hadi ukingoni mwake. Vingine vilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa kimoja kilichozungukwa na uwazi.

"Mdudu huyu ni adimu, dada. Mimi mwenyewe sijawahi kukutana naye. Inayomweza ni dawa hii moja. Sindano siku kumi na nne, bila kuruka."

Kiumbe nisichoweza hata kukiona kilikuwa kimezishinda dawa zote nilizowahi kuzijua.

Siku ya sita homa ilishuka, na kaka akaanza kuvaa viatu.

"Nimepona. Ndege wanamaliza mpunga."

"Zimebaki siku kumi na moja, kaka."

"Dawa ni ya mgonjwa. Mimi naumwa wapi?"

Nilimpeleka dirishani. Alikitazama kile kisahani kwa muda mrefu, kama anavyokagua shamba.

"Ukiacha sasa," daktari alimwambia, "wanaobaki ni wale wagumu, na ndio watakaozaana."

"Kumbe miaka yote nilikuwa nafyeka magugu ya ndago, viazi vyake naviacha ardhini vichipue tena."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakupa panga," nikasema. "Nisamehe."

"Tulilima wote, mdogo wangu." Akarudi kitandani, akavua viatu.

Siku ya kumi na saba, alasiri, tulishuka Bahi. Nyumbani husema mwili umezoea dawa. Dodoma nilijifunza kwamba anayeizoea ni mdudu, na waliomfundisha ni sisi.

Shambani ndege walikuwa wametuachia mabua. Nililia waziwazi. Kaka alisimama tutani, suruali imempwaya, akaniacha nilie mpaka nikanyamaza.

"Mpunga tutapanda mwingine," alisema. "Yohana mwingine ungempata wapi?"